Katharine Hepburn na Meli Yetu ya Liemba

Watu wa Kirando tuliijua Liemba kwa honi yake kabla ya kuijua kwa historia. Ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, mitumbwi ikaikimbilia na kuizunguka, abiria wakavutwa mikono kupandishwa, na magunia ya mchele na dagaa yakapita juu ya vichwa vyao. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba meli hiyo ina undugu na filamu ya Marekani, na kwamba katika filamu hiyo yumo mwigizaji ninayempenda kuliko wote: Katharine Hepburn.

Filamu ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston. Kisa ni cha riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, aliyechota katika mapigano ya ziwa letu la Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani waliiunda meli ya Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta Kigoma na kuiunga upya. Mwaka 1915 ikaingia majini. Julai 1916, Kigoma ilipokuwa ikiwaponyoka, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Bila grisi ile tusingeipata Liemba. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Kwenye filamu meli ya Wajerumani inaitwa Louisa.

Hepburn ni Rose Sayer, dada wa mmisionari Mwingereza. Kaka yake anafariki, naye anabaki na Charlie Allnut, mlevi mwenye kimashua kibovu, aliyeigizwa na Humphrey Bogart. Wazo la kuilipua Louisa ni la Rose. Lakini mimi hurudia kulitazama tukio la pombe. Allnut anafumbua macho, kichwa kinamgonga, anamkuta Rose akimimina chupa zake mtoni moja baada ya nyingine. Rose hamgombezi. Anakaa na Biblia yake na kumnyamazia, mpaka mwanamume anasalimu amri. Mama zetu wanaijua vizuri silaha hiyo.

Nje ya kamera Hepburn alikuwa vivyo hivyo. Walipiga picha Kongo, kwenye mto Ruiki, na Uganda, huko Butiaba na Murchison. Huston na Bogart walikunywa whisky. Hepburn, ili kuwaonyesha ubaya wa pombe, akashika maji. Maji yakamwangusha kwa kuhara, wao wakabaki wazima! Alipoigiza akipiga kinanda kanisani, ndoo ilikuwa karibu ili atapike, kisha aendelee. Mwingine angelificha jambo hilo. Yeye mwaka 1987 aliliandikia kitabu, na jina lake refu linatangaza kwamba alikwenda Afrika na Bogart, Bacall (mke wa Bogart) na Huston, na nusura apoteze akili.

Huyu ndiye ambaye mwaka 1938 wenye majumba ya sinema Marekani walimwita sumu ya biashara. Alirudi na The Philadelphia Story, na hadi mwisho wa kazi yake alikuwa na tuzo 4 za Oscar za mwigizaji bora wa kike. Hakuna mwigizaji mwingine aliyefikia hapo.

Filamu yenyewe ninaidai kitu. Waafrika wanaonekana mwanzoni, wanaimba kanisani, kijiji chao kinachomwa, wanaume wanachukuliwa kwa nguvu, basi. Wanakijiji hao hatuwaoni tena. Katika vita ile wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu, na katika filamu hii hakuna hata mmoja aliyepewa jina la kukumbukwa.

Kwa hiyo nawaomba wenye vibanda vya video wa Kirando, Kipili na Namanyere: itafuteni, muionyeshe jioni moja, na mtafsiri awe mtu anayelijua ziwa. Awaache watu wamcheke Allnut na kumshangilia Rose. Kisha Louisa inapolipuka awaambie kwamba meli ya kweli haikuishia hapo, na kwamba babu zao waliipanda.