Girisi Iliyookoa Meli: Mafuta ya Kulainishia katika Historia ya Ziwa Tanganyika

Tulipokuwa watoto Buyenzi, hapa Bujumbura, tulijitengenezea magari ya waya. Bodi ilikuwa waya na kopo la nyanya, magurudumu yalikatwa kwenye kandambili zilizochakaa, na ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli. Gari lililopiga kelele likisukumwa lilichekwa, na lililokwama lilishindwa. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na siri yake ya mafuta.

Mafuta yalikuwa ya aina tatu. Ya kwanza ni mawese ya jikoni. Chupa ya mawese ikitulia hujitenga: juu mafuta mekundu mepesi, chini mazito ya rangi ya manjano. Tulichota ya juu. Siku ya kwanza gari lilikimbia vizuri, lakini baada ya siku chache mafuta yaliganda, yakashika vumbi, na ekseli ikawa kama imetiwa gundi. Ya pili ni oili chafu iliyomwagwa kwenye gereji za mtaani. Hiyo ilikuwa nzito mno kwa gurudumu dogo, tena imejaa chembe za chuma zinazokwangua. Ya tatu, na ndiyo iliyoshinda, ni mafuta ya cherehani. Mzee mmoja fundi nguo, jirani yetu, alitupa tone moja kwa kila gari, tena kwenye tundu la ekseli tu. Tulipoomba zaidi alisema, “Likizidi, mwanangu, unalisha vumbi.”

Insha hii inatokana na swali lile la utotoni: mafuta gani, kiasi gani, yapakwe wapi? Ninadai kwamba swali hilo limeamua mambo makubwa katika historia ya ziwa letu, na kwamba wanafunzi wa historia tunalipita bila kuliona kwa sababu tumezoea kuwauliza waliojenga na waliobomoa, si waliotunza.

Tuanze na mawese. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, mawese yalikuwa tayari bidhaa ya biashara kandokando ya ziwa, na hadi leo Rumonge inajulikana nchini kwa michikichi yake. Sisi tunayajua kama chakula. Lakini katika karne hiyohiyo, mawese ya Afrika Magharibi yaliyopakuliwa Liverpool yalitengeneza sabuni na mishumaa, na pia yalipakwa kwenye mashine za viwanda na ekseli za treni za Uingereza. Watu wa reli waliyachanganya na mafuta ya wanyama, magadi na maji, wakapata girisi ya manjano iliyobaki ngumu behewa likisimama na kuyeyuka ekseli ikipata joto. Hivyo basi, hatukuwa wajinga kujaribu mawese. Wahandisi wa Ulaya walikuwa wametutangulia.

Kilichowaondoa kwenye mawese ndicho kilichotuondoa sisi. Mafuta ya mimea na ya wanyama huchacha yakikaa hewani. Yakichacha huwa na asidi inayokula chuma, na huacha utando unaonata. Mwaka 1859 Edwin Drake alipata mafuta ya petroli kwa kuchimba kisima Titusville, Pennsylvania, na katika miongo iliyofuata mafuta ya kulainishia yatokanayo na petroli yalienea kwenye mashine, kwa kuwa hayachachi upesi na yanaweza kusafishwa yawe mepesi au mazito kulingana na kazi. Mafuta ya cherehani ya yule mzee ni ya ukoo huo.

Sasa tuje kwenye ziwa lenyewe. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya mvuke yenye urefu wa mita 71 hivi. Iliitwa Graf von Götzen, jina la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Meli hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo hadi Kigoma. Wahandisi watatu wa kiwanda hicho, wakiongozwa na Anton Rüter, waliisimamia kazi ya kuiunga upya, na mwaka 1915 meli ikaanza safari. Wakati huo Vita Kuu vilikuwa vimefika ziwani.

Mwaka 1916 mambo yaliwageukia Wajerumani. Waingereza walikuwa wameiteka meli yao moja ndogo na kuizamisha nyingine, ndege za Wabelgiji zilishambulia Kigoma, na majeshi ya Kibelgiji yalikwisha kuiingia Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Ilipobidi kuondoka Kigoma, amri ilikuwa kuizamisha Götzen isiangukie mikononi mwa adui. Meli ilizamishwa tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka injini girisi nene. Walitumaini kwamba siku moja itahitajika tena.

Uchaguzi huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Oili isingefaa, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Ingeelea na kuondoka. Girisi ni mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya sabuni, na kwa hiyo hukaa pale ilipopakwa na kuyazuia maji na hewa yasiguse chuma. Aidha, kanuni ya kupaka iligeuka kabisa. Kwenye gari la waya tone moja linatosha kwa sababu adui ni vumbi na gurudumu linatakiwa kwenda. Kwenye injini inayozamishwa adui ni kutu, na mashine inatakiwa kusubiri. Hapo unapaka kila mahali, tena bila uchoyo. Fundi anayejua kazi huuliza kwanza adui ni nani, ndipo achague mafuta.

Wabelgiji waliiinua meli baada ya vita, lakini ilizama tena katika dhoruba mwaka 1920. Waingereza waliiinua mwaka 1924, miaka minane baada ya girisi kupakwa, wakakuta injini na boila bado zinaweza kutengenezwa. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Mvuke ulidumu hadi miaka ya 1970, injini zilipobadilishwa zikawa za dizeli.

Mtu anaweza kupinga: ikiwa injini zile zimekwisha kuondolewa, girisi ya 1916 ina maana gani leo? Jibu langu ni kwamba girisi haikuokoa injini peke yake. Kama Waingereza wangekuta kutu tupu, kukarabati kusingekuwa na faida, na bodi ya meli ingeuzwa kama chuma chakavu. Injini zilizopona ndizo zilizoifanya meli nzima istahili kuokolewa.

Jambo hili si la vitabuni tu kwangu. Mwezi Mei 2015, wakati wa machafuko nchini, nilikuwa na miaka kumi. Familia yetu ilishuka hadi kwa ndugu Nyanza-Lac, tukavuka kwa mtumbwi hadi Kagunga, upande wa Tanzania. Kijiji hicho kimebanwa kati ya mlima na ziwa, wakati huo hakikuwa na barabara, na maelfu ya Warundi walilala ufukweni huku kipindupindu kikiwa kimeingia. Chombo kilichotumwa kutuchukua kutoka pale hadi Kigoma kilikuwa Liemba. Tulipelekwa kwa boti ndogo hadi ubavuni mwake, mama akanisukuma juu. Ninachokumbuka ni harufu ya dizeli na girisi, ileile ya gereji za mtaani kwetu. Nililala.

Nilipoisoma historia ya meli hiyo chuoni, nilikuta jina la gavana, majina ya makamanda, na majina ya wahandisi watatu. Waafrika waliobeba makasha, waliogonga ribiti na waliochochea moto wa boila wametajwa kama kundi, na mabaharia waliotia oili kila zamu kuanzia 1927 hata kundi hawakuwekwa. Ndiyo maana ninapendekeza tusiishie kwenye nyaraka. Ujuzi wa kuchagua mafuta na kuyapaka uko bado kwa mafundi wa Buyenzi, wa bandari ya Bujumbura na wa Kigoma, nao wanazeeka. Yule mzee wa cherehani amefariki. Sikumwuliza ujuzi wake aliufundishwa na nani, na sasa nafasi hiyo imepita. Wenzangu mnaotafuta mada za utafiti, anzeni na fundi wa mtaani kwenu akiwa bado hai.