Michezo na Burudani Jumuishi kwa Watu Wenye Upungufu wa Usikivu

Michezo na burudani jumuishi ni shughuli zinazopangwa ili mtu mwenye upungufu wa usikivu acheze, ashangilie na azungumze pamoja na wenzake bila kubaki mtazamaji. Katika shughuli nyingi za aina hiyo, kanuni za mchezo hazibadiliki. Kinachobadilika ni namna taarifa inavyomfikia mshiriki: filimbi huongezewa kibendera, wito huongezewa mkono ulioinuliwa, na tangazo la kipaza sauti huongezewa maandishi au lugha ya alama. Makala haya yanaeleza msingi wa haki hiyo, historia yake, na hatua ambazo shule, vilabu, familia na mamlaka za serikali za mitaa zinaweza kuchukua kwa gharama ndogo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao takribani milioni 430 wanahitaji huduma za utengamao. Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu, iliyotolewa na shirika hilo mwaka 2021, inakadiria kuwa ifikapo mwaka 2050 idadi ya wenye upungufu huo itakaribia bilioni 2.5. Wengi wa wanaohitaji huduma wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Madhara yake hayaishii katika masomo na ajira. Mtoto asiyeitwa kucheza hukosa mahali pa kujifunzia urafiki, ushindani na lugha, na mzee asiyefuata mazungumzo ya barazani huanza kubaki nyumbani hadi upweke unapogeuka kuwa maradhi mengine.

Makundi yenye mahitaji tofauti

Watu wenye upungufu wa usikivu si kundi la namna moja. Wapo viziwi waliokua wakitumia lugha ya alama, ambayo kwao ndiyo lugha ya kwanza. Wapo wenye usikivu hafifu wanaotumia sauti kwa msaada wa shimesikio, yaani kifaa cha kukuzia sauti. Wapo waliopandikizwa vifaa vya usaidizi wa kusikia, huduma iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Wapo pia waliopoteza usikivu ukubwani kwa sababu ya umri, kelele za kazini, maradhi au baadhi ya dawa, ambao wengi wao hawajui lugha ya alama.

Kwa sababu hiyo, hatua inayomfaa mmoja huenda isimfae mwingine. Mkalimani wa lugha ya alama ni wa lazima kwa kiziwi, lakini hamsaidii bibi aliyepungukiwa na usikivu akiwa na miaka sabini. Kupaza sauti humsaidia kidogo mwenye usikivu hafifu, lakini kupiga kelele hupotosha matamshi na sura ya msemaji. Kutazama midomo nako kuna mipaka, kwa kuwa sauti nyingi hazionekani: anayesoma midomo pekee hawezi kutofautisha maneno papa, baba na mama, maana midomo hufunga na kufunguka kwa namna ileile katika maneno yote matatu.

Msingi wa kisheria

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazungumzia suala hili moja kwa moja. Ibara ya 30 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kuwa watu wenye ulemavu wanashiriki katika utamaduni, burudani, mapumziko na michezo kwa usawa na wengine. Ibara hiyohiyo inataja haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo, ikiwemo ya shuleni, na inatambua lugha za alama pamoja na utamaduni wa viziwi.

Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa upande wake, inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Kwa hiyo kumshirikisha mtu asiyesikia katika bonanza la kata au tamasha la shule ni utekelezaji wa wajibu uliokwishakubaliwa, na si hisani ya mwandaaji.

Historia ya michezo ya viziwi

Viziwi walianza kupanga mashindano yao ya kimataifa mapema kuliko makundi mengine ya watu wenye ulemavu. Agosti 1924, wanamichezo viziwi kutoka nchi tisa za Ulaya walikutana Paris kwa juhudi za Mfaransa kiziwi, Eugène Rubens-Alcais. Mashindano hayo, ambayo leo yanajulikana kama Deaflympics, yaliendelea kufanyika kwa kawaida kila baada ya miaka minne, isipokuwa yalipokatizwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia na yale ya mwaka 2021 yaliyosogezwa hadi mwaka 2022 nchini Brazili. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizopata medali za riadha katika mashindano hayo.

Anayeshiriki Deaflympics hupaswa kuwa na upungufu wa usikivu usiopungua desibeli 55 katika sikio lililo bora zaidi, na vifaa vya kusaidia kusikia huvuliwa wakati wa kushindana ili wote wawe sawa. Taa hutumika kuanzisha mbio na kuogelea. Katika soka, mwamuzi hushika kibendera na kukiinua anaposimamisha mchezo.

Mabadiliko hayo yamewezekana pia katika mashindano ya watu wanaosikia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, muogeleaji kiziwi wa Afrika Kusini, Terence Parkin, alianza mbio kwa ishara ya taa na kupata medali ya fedha katika mita 200 za mtindo wa chura. Taa ile haikumpunguzia mita wala kumwongezea sekunde. Ilimpa tu taarifa ambayo wenzake waliipata kwa masikio.

Wakati mwingine, ubunifu wa viziwi hunufaisha kila mtu. Desturi ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani kukusanyika katika duara kabla ya kuanza upya inahusishwa na timu ya Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington, katika miaka ya 1890. Wachezaji walijikusanya ili wapinzani wao, ambao nao walijua lugha ya alama, wasione mpango wao.

Michezo ya uwanjani

Mwalimu au kocha anayepokea mchezaji kiziwi katika timu ya soka, netiboli, wavu au riadha anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Mwamuzi na waamuzi wa pembeni watumie filimbi pamoja na kibendera chenye rangi inayong'aa. Wachezaji wote waelezwe mapema kuwa kibendera kikiinuliwa, mchezo umesimama.

2. Mbio zianzishwe kwa taa, kibendera kinachoshushwa au mkono, na mwanzishaji asimame mahali ambapo kila mkimbiaji anamwona bila kugeuza kichwa.

3. Maelekezo yatolewe kabla ya mchezo, wachezaji wakiwa katika nusu duara na kocha akilitazama jua, ili mwanga uangukie usoni na mikononi mwake. Akielekeza huku akitembea au akiwa amewapa mgongo, maelekezo yake hayatafika.

4. Mbinu zichorwe ubaoni au mchangani, kisha zioneshwe kwa vitendo.

5. Timu nzima ijifunze alama chache za uwanjani, kama vile pasi, rudi, badilisha upande, hatari na umefanya vizuri. Kama ni mchezaji kiziwi pekee anayezijua, hazitamsaidia kuwasiliana na wenzake.

Michezo ya watoto

Michezo mingi ya asili inahitaji marekebisho madogo sana. Mdako huchezwa kwa jicho na mkono. Rede inategemea kuuona mpira na kuukwepa, na kuruka kamba kunategemea mwendo wa kamba yenyewe. Mtoto kiziwi akikaribishwa katika michezo hii hucheza tangu siku ya kwanza.

Michezo inayotegemea wito ndiyo inayomwacha nje. Katika simama-kaa, kiongozi anapaswa kusimama mbele ya wote na kuambatanisha kila amri na ishara ya mkono. Katika kombolela, anayeokoa wenzake anaweza kupunga kitambaa huku akiita. Katika michezo ya duara kama ukuti-ukuti, watoto hushikana mikono, hivyo mtoto asiyesikia huupata mdundo kutoka kwa wenzake wa kulia na kushoto, na akikaa mkabala na anayeongoza huona pale mchezo unapobadilika.

Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengine hupoteza usikivu baada ya maradhi kama vile homa ya uti wa mgongo. Katika familia ya namna hiyo, mchezo unaweza kuwa darasa la kwanza la lugha ya alama kwa ndugu wote. Mtoto anayecheza na kaka na dada zake huku wakitumia alama hujenga lugha mapema, jambo linalomsaidia anapoanza shule.

Bao, karata na mazungumzo ya baraza

Kwa watu wazima, michezo ya mezani ina nafasi ya pekee. Bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64 halihitaji mchezaji kutamka neno, na kila hatua huonekana kwa wote waliolizunguka. Drafti ni hivyohivyo. Katika karata, mchezaji anayepaswa kutangaza kuwa amebakiza moja anaweza kuinua kidole.

Hata hivyo, watu hawaendi barazani kwa ajili ya kete pekee. Huenda kwa utani, habari na kicheko, na hapo ndipo mwenye upungufu wa usikivu hupoteza zaidi. Wenzake wanapocheka naye akauliza kulikoni, mara nyingi hujibiwa kuwa si kitu, ataambiwa baadaye. Jibu hilo likirudiwa siku nyingi humfundisha kuacha kuuliza, na hatimaye kuacha kuja.

Dawa yake ni utaratibu mwepesi. Azungumze mtu mmoja kwa wakati. Mhusika aketi mahali anapoona nyuso zote, mgongo wake ukielekea ukutani ili kelele za nyuma zipungue. Redio izimwe au ipunguzwe sauti. Mada inapobadilika, mmoja amdokeze neno moja, kama vile mavuno, harusi au mpira. Asiposikia, maneno yabadilishwe badala ya kurudiwa yaleyale kwa sauti kubwa.

Ngoma, sherehe na matamasha

Kutosikia hakumzuii mtu kucheza ngoma. Mitetemo ya ngoma kubwa hupita ardhini, katika sakafu ya mbao na kifuani, na mchezaji huufuata mdundo kwa mwili wake na kwa kuwatazama wenzake. Waandaaji wanaweza kumweka karibu na wapigaji na mbele ya kiongozi wa mchezo.

Katika matamasha na mikutano ya hadhara, mkalimani asimame karibu na msemaji, mahali penye mwanga, na viti vya mbele vitengwe kwa wanaomhitaji. Shughuli ndefu huhitaji wakalimani wawili wanaopokezana, kwa kuwa kazi hiyo huchosha akili na mikono. Ratiba ibandikwe kwa maandishi. Sauti ya vipaza nayo idhibitiwe: viwango vya WHO vya mwaka 2022 vinataka wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100, ili burudani isiwaharibie usikivu waliofika wakiwa salama.

Usalama

Mchezaji asiyesikia hasikii honi, king'ora wala onyo la ghafla. Kwa hiyo viwanja vya watoto vitenganishwe na barabara, tahadhari ya dharura itolewe pia kwa taa au kibendera, na kila mchezaji awe na mwenzake wa kumgusa bega inapobidi. Shimesikio huvuliwa kabla ya kuogelea na hukaushwa jasho baada ya mazoezi. Aliyepandikizwa kifaa apate ushauri wa daktari kabla ya kujiunga na michezo yenye migongano ya kichwa.

Wajibu wa utekelezaji

Maafisa michezo na maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri wanaweza kuanza kwa kushirikiana na shule zenye wanafunzi viziwi na matawi ya Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kupata walimu wa alama za michezo. Siku ya Usikivu Duniani, Machi 3, na Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, Septemba 23, ni fursa za kuandaa mabonanza ya pamoja. Manufaa hudumu pale utaratibu huo unapoingia katika ratiba ya kawaida ya shule, klabu na mtaa.

Vifaa vya kuanzia ni vibendera viwili, ubao na chaki. Kabla ya hivyo, mwandaaji anapaswa kumuuliza mhusika mwenyewe ni ishara ipi anaiona vizuri kutoka pale anapocheza, na kisha kuwaeleza wachezaji wote jibu lake.