Uzamifu wa sayansi kati ya Ruiru na Thika: Mtafute msimamizi kwanza

MWENYE shahada ya uzamili katika fizikia, uhandisi au sayansi ya kompyuta halazimiki kuvuka bahari ili asomee uzamifu. Vyuo vinavyotoa masomo hayo vipo kando ya barabara kuu ya Thika. Hata hivyo, nafasi zenyewe ni haba, na anayezitafuta sharti aelewe kinachozibana.

Kitovu chake ni Juja, kati ya Ruiru na Thika, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Chuo hicho kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Serikali ya Japan, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Uzamifu hutolewa humo katika fizikia, matawi mbalimbali ya uhandisi, sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari.

Katika bewa hilo imo pia PAUSTI, taasisi ya Umoja wa Afrika iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2012. Hiyo huwachukua wanafunzi kutoka kote barani katika hisabati, uhandisi wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo. Kwa kuwa imekuwa ikiwafadhili inaowateua, ushindani ni mkali. Anayetoka Ruiru akielekea Nairobi hukipata Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa, chenye idara ya fizikia.

Kwa mujibu wa kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, za mwaka 2014, uzamifu huchukua angalau miaka mitatu. Mwanafunzi huwa na wasimamizi wasiopungua wawili, na sharti achapishe makala mawili katika majarida ya kitaaluma. Mhadhiri naye hasimamii zaidi ya wanafunzi watatu wa uzamifu kwa wakati mmoja. Hivyo, idara yenye wahadhiri wanne waliohitimu kusimamia haiwezi kuwa na zaidi ya wanafunzi sita, iwapo wasimamizi wote wanatoka humo.

Uzito wa suala hilo ulidhihirika Juni 2019, JKUAT ilipowatunuku watu 118 uzamifu katika mahafali moja, wengi wao wa masomo ya biashara na usimamizi. CUE ilianzisha uchunguzi.

Kwa hivyo, kabla ya kujaza fomu, soma makala ya wahadhiri wa idara unayoilenga. Mwandikie mmoja wao, ukiambatanisha muhtasari wa utafiti wako, umwulize iwapo ana nafasi na iwapo vifaa unavyohitaji vimo katika maabara. Huenda sampuli zikalazimika kupelekwa kupimwa kwingine, na gharama ikawa yako.

Kuhusu fedha, fuatilia matangazo ya Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, na ya shirika la DAAD la Ujerumani. Kabla ya kukusanya data, pata leseni ya NACOSTI.

Kulipa karo kabla ya kumpata msimamizi ni kukata kanzu kabla mwana hajazaliwa.