Uainishaji wa miamba ya kaboneti kwa vitundu vyake

Uainishaji wa miamba ya kaboneti kwa vitundu vyake ni namna ya kuigawa miamba hiyo katika makundi kulingana na ukubwa, asili na muunganiko wa nafasi zilizo ndani yake. Wanajiolojia huutumia kukadiria kama mafuta, gesi au maji yaliyomo yanaweza kutolewa.

Miamba ya kaboneti ni hasa mawe ya chokaa na dolomiti. Mingi ilitokana na mabaki ya matumbawe, makombe na viumbe wengine wa baharini. Kwa kuwa chokaa huyeyuka katika maji yenye asidi kidogo, vitundu vya mwanzo huweza kuzibwa au kupanuliwa, na vipya hutokea.

Vipimo viwili hutofautishwa: porositi, yaani asilimia ya nafasi tupu katika mwamba, na upenyevu, yaani urahisi wa kimiminika kupita ndani yake.

Mifumo mikuu

* Gustavus Archie (1952) aligawa miamba hiyo katika aina tatu: iliyoshikamana, ya chaki, na ya chembechembe kama sukari. Aliongeza ukubwa wa vitundu vinavyoonekana.
* Philip Choquette na Lloyd Pray (1970) walitaja aina 15 za vitundu. Waliangalia kama kitundu kinafuata umbile la mwamba, mfano nafasi kati ya chembe, au hakilifuati, mfano nyufa na mapango.
* Jerry Lucia (1983, 1995) alitenganisha nafasi zilizo kati ya chembe na matundu mengine. Matundu hayo ni ya pekee au yanayogusana. Chembe aliziweka katika madaraja matatu, kwa mipaka ya milimita 0.02 na 0.1.

Umuhimu

Miamba miwili inaweza kuwa na porositi sawa ya asilimia 20, lakini mmoja ukatoa mafuta na mwingine usitoe. Kombe likiyeyuka huacha tundu. Tundu hilo lisipoungana vizuri na mengine, mafuta hubaki humo. Anayetegemea porositi peke yake anaweza kuchimba kisima cha gharama kubwa bila faida. Kinyume chake, nyufa zilizoungana hupitisha hata maji, yakafika kisimani kabla ya mafuta kwisha.

Ghawar nchini Saudia, eneo la mafuta lililogunduliwa mwaka 1948, hutoa mafuta hasa kutoka miamba ya kaboneti ya kipindi cha Jura.