Kutoka Kengeleni Hadi Bamburi: Walikotoka Wapigaji wa Hoteli

Ukitoka kisiwani Mombasa na kuvuka daraja la Nyali, hukai sana kabla ya kufika Kengeleni. Kengele yenyewe ipo bado kando ya barabara, na matatu huipita kwa kasi kana kwamba ni nguzo ya umeme. Ni mabaki ya Frere Town, makazi ambayo Church Missionary Society iliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ukiendelea na barabara hiyohiyo kuelekea kaskazini unaingia Nyali, kisha Bamburi, kisha Shanzu. Huko ndiko zilikopangana hoteli za ufukweni, na ndiko bendi zilikopiga usiku baada ya usiku nyimbo za watu wengine, mgeni akila samaki wake.

Bendi hizo hazikuheshimiwa sana. Wajuzi wa muziki waliziona za kukopi tu: leo rumba ya Kongo, kesho reggae ya Jamaika, na kila usiku “Malaika”, awe yupo aliyeiomba au hayupo. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini anayekopi vizuri lazima awe na sikio, na sikio la wapigaji wa Mombasa lilinolewa mahali pengi kabla hoteli hazijajengwa.

Frere Town ilikuwa na nyimbo za kanisani na ilikuwa na tarumbeta. Bendi ya matarumbeta ya wakazi wake ni miongoni mwa chemchemi za beni, ngoma iliyoigiza gwaride la kijeshi na kuenea pwani nzima. Mjini Mombasa vikundi vya beni kama Kingi na Scotchi vilishindana kwa sare, kwa vyeo vya kubuni na kwa ukali wa ala. Huko kulikuwa kuiga kwa makusudi, tena kwa majivuno: kuchukua kitu cha mtawala na kukipiga hadi kiwe chako. Joseph Ngala, mpiga saksafoni aliyeupa muziki wa bango jina na sura, ni mtoto wa Frere Town hiyo. Katika bango unasikia shaba za beni, mwendo wa Kimijikenda na mashairi yenye harufu ya taarab, vyote ndani ya wimbo mmoja wa harusi.

Kwa upande wa Malindi kulitoka Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924. Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka Burma akiwa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles. Waliorudi kutoka huko walirudi na masikio mapya, maana jeshini walipiga pamoja vijana wa nchi mbalimbali. Konde akawa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa Kenya wa miaka ya 1950, na “Tausi” yake ikaingia katika hazina ambayo bendi za hoteli zingechota baadaye bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Taarab nayo isisahaulike. Juma Bhalo alichukua maghani ya sinema za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, na watu wa Mombasa wakampenda mno. Hakuna aliyemwita mwizi. Mji uliokubali Lata Mangeshkar, mwimbaji wa sinema hizo, ageuzwe Kimvita haukuwa na sababu ya kushangaa kijana wa Kisauni akipiga nyimbo za Jim Reeves.

Miaka ya 1970 ikaleta wengine kutoka kusini. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakapita Mombasa kabla ya kwenda Nairobi kujijengea jina na Simba Wanyika. Gitaa lao la Tanga liliacha alama pwani.

Halafu wageni wakaongezeka. Mwaka 1979 uwanja wa ndege wa Mombasa ulikuwa umepanuliwa kupokea ndege kubwa za kimataifa, na mwaka 1980 daraja jipya la Nyali likachukua nafasi ya lile la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Kwa wanamuziki waliolala Majengo au Kisauni, habari hiyo ilikuwa na maana moja: kazi.

Them Mushrooms walikuwa tayari. Ndugu wa Harrison, yaani Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro na John Katana, walianza mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, wakipiga rumba na cha-cha-cha, kisha wakageukia reggae na muziki wowote ulioombwa mezani. Mezani hapohapo Teddy Kalanda aligundua kwamba wageni walipenda kujifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili. Akayatungia wimbo mwepesi kuliko nyimbo zote alizozijua, “Jambo Bwana”, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 Boney M. wakatoa toleo lao, na wakopiaji wakawa wamekopiwa. Safari Sound Band, nao wa Mombasa, waliupiga vilevile, na hadi leo kuna wageni wanaoamini ni wao walioutunga.

Wanaoucheka wimbo ule kwa wepesi wake hawajajaribu kutunga kitu ambacho Mjerumani asiyejua neno ataweza kuimba baada ya kukisikia mara moja. Binafsi nauona kuwa kazi ya fundi, hata kama si kazi yake nzuri kuliko zote. Nzuri zaidi Them Mushrooms walizifanya baada ya kuhamia Nairobi mwaka 1987: walirekodi “Vidonge” na Malika, mwimbaji wa taarab, na wakamrudisha studioni Fundi Konde akiwa mzee. Bendi ya hoteli, ilipopata nafasi ya kuchagua, ilichagua nyumbani.

Hoteli zenyewe hazikudumu katika neema. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza wageni, na bomu la Kikambala la Novemba 2002 likaongeza hofu. Meneja aliyekuwa akilipa watu saba akatambua kwamba kinanda chenye midundo iliyorekodiwa kinahitaji mpigaji mmoja tu na sahani moja ya chakula. Wapiga saksafoni wakarudi kwenye harusi za Rabai na Kisauni, ambako bango haikuwa imengoja watalii hata siku moja.