Kifaru cha Tatu cha Colito

Katika nyumba nyingi za watu wetu, ndani ya sanduku la bati au nyuma ya picha ya ukutani, imo nyota ya madini yenye ncha sita, na utepe wake ni wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati. Hiyo ni Nyota ya Afrika. Walipewa askari wa King's African Rifles, yaani Keya, waliopigana na Wataliani katika nchi za Somalia na Uhabeshi miaka ya 1940 na 1941. Aigeuzaye ataona nyuma ni tupu. Serikali ya Uingereza ilizitoa nyota zile kwa askari wetu bila kuchora jina la mtu. Basi mzee akiisha kufa, na karatasi zake zikaliwa na mchwa, nyota hubaki haina mwenyewe. Nishani za ushujaa si hivyo. Military Medal huchorwa jina ukingoni, na Victoria Cross, iliyo kuu kupita zote, huwa na jina nyuma ya kile kipande cha juu kinachoshika utepe. Jambo hili la jina ndilo lililotufanya tuombe nafasi kidogo katika taarifa hii, kando ya hesabu za fedha.

Mwezi wa Mei 1941 vita vya Uhabeshi vilikuwa vimekaribia kwisha. Addis Ababa ilikwisha twaliwa tarehe 6 Aprili, na Mfalme Haile Selassie alirudi mjini mwake tarehe 5 Mei. Lakini majeshi ya Kitaliani yalikuwapo bado upande wa kusini, katika nchi ya maziwa, na mvua zilikuwa zimegeuza njia kuwa matope matupu. Tarehe 19 Mei batalioni ya 1/6 ya Keya, ambayo asili yake ni askari wa Tanganyika, ilikuwa ikivuka mto Billate karibu na Colito. Makampuni mawili yakafika ng'ambo bila mizinga ya kuyalinda. Ghafla vifaru vya adui vikawajia, na bunduki ya mkononi haikifanyi kifaru kitu.

Huko alikuwako Sajini Nigel Gray Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, umri wake miaka 28, akipiga mota. Mabomu yakamwishia. Akakiendea kifaru mbio, akapanda juu, akakifungua kwa nguvu, akawapiga waliomo kwa bastola, ila dereva tu, ambaye alimlazimisha kukipeleka mahali pa kujificha. Akajaribu kuupiga mzinga wa kifaru kile, ukakataa. Ndipo akashuka, akaenda kuvitafuta vingine kwa miguu, na uwanja wote ulikuwa ukifagiwa na risasi. Hakwenda peke yake. Walifuatana naye Mzungu mmoja na askari Waafrika wawili. Vifaru viwili vikawapita. Cha tatu Leakey akakirukia, akafungua kifuniko, akamwua mmoja wa waliomo. Lakini kifaru cha nne kikamfyatulia bombomu, akaanguka. Adui hakufanikiwa katika shambulio lake. Mwili wa sajini haukuonekana. Victoria Cross yake ilitangazwa London mwezi wa Novemba 1945, na jina lake limo katika ukumbusho wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya njia ya Ngong, Nairobi.

Hatuandiki haya ili tumpunguzie heshima. Mtu aendaye kukamata kifaru kwa bastola hana haja ya kutetewa nasi, wala hawezi kushushwa nasi. Lakini lile tangazo lililomtaja yeye kwa jina na cheo, wale askari wawili limewataja kwa hesabu tu: Waafrika wawili. Nao walikwenda uwanja ule ule, mbele ya vifaru vile vile. Sheria ya mwaka 1920 ilikuwa imekwisha wafungulia mlango wa Victoria Cross askari wa namna yao. Hata hivyo katika vita vile hakuna Mwafrika wa Keya hata mmoja aliyeipata.

Wala kasoro hii haikuanzia Colito. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zipo sanamu za watu watatu kwa ukumbusho wa vita vya 1914 hadi 1918, na chini yake maandishi yaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Jina halipo hata moja. Watu hununua vikapu Kariokor wasikumbuke kwamba neno lenyewe latokana na Carrier Corps, jeshi la wachukuzi. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo twawaomba wenye nyota hizi waandike katika kipande cha karatasi jina la mwenyewe, batalioni yake na mahali alipopigana, wakiweke pamoja nayo sandukuni. Na waandike kwa penseli, maana wino huchuja upesi penye unyevu.