Kujenga juu ya njia ya lava: desturi na sheria ya udongo katika Munigi

Mutu akisema mafuriko, wengi wanafikiri maji. Sisi wa Munigi tuna mafuriko mengine, yale ya moto. Katika maandishi haya tunataka kueleza nani alikuwa akitoa ruhusa ya kujenga kwetu, nani alikuwa akikataza, na kwa sababu gani makatazo hayakushika.

1. Mulima na njia zake

Nyiragongo, wenye metre 3.470, ulikuwa na heshima yake. Wazee wa pande zote mbili za mupaka walisimulia kama roho za watu wabaya zinaenda mule ndani, na zile njema zinapumzika Karisimbi pamoja na Ryangombe. Hawakuwa na mashini za kupima, lakini walijua kama mulima ule si wa kuchezea.

Lava yake ni nyepesi sana. Inatiririka na kufuata mabonde kama vile maji. Tarehe 10 Januari 1977 ilishuka mbio hata wengi hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 udongo ulipasuka toka Shaheru mpaka huku kwetu Munigi. Siku ile moto haukutoka mulimani tu, ulitokea karibu na nyumba za watu. Ukapita kwenye kiwanja cha ndege na katikati ya Goma, ukaingia ziwani. Zaidi ya watu mia moja walikufa, na malaki wakakimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikasimama Buhene. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba elfu kadhaa zikateketea. Ni mara tatu kwa miaka 44, na kila mara sehemu ya lava ilishuka upande wetu wa kusini.

2. Udongo wenye wakubwa wawili

Munigi ni moja kati ya grupema saba za Usultani wa Bukumu, katika teritwari ya Nyiragongo. Goma ni muji wenye meya wake. Nyumba zimeshikana, mugeni haoni mupaka. Lakini mukubwa wa muji hana neno juu ya parsele ya Munigi, hata kama lava inayotoka Munigi njo inayochoma muji.

Kwa desturi, udongo unatolewa na mwami pamoja na mashefu wake. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Kifungu cha 389 cha sheria ile kiliahidi amri ya Rais itakayopanga haki za watu juu ya udongo wa kimila. Miaka makumi ilipita bila amri ile kutoka. Basi shefu anatoa karatasi yake, kadastre nayo inatoa yake. Mununuzi anasoma ndani jina, urefu na upana. Hasomi kama lava ilipita pale.

3. Watu kuongezeka, wakubwa kubadilika

Mwaka 1977 Goma ilikuwa muji mudogo. Leo watu wamepita milioni moja. Vita njo vilileta wengi. Mutu aliyekimbia Masisi ao Rutshuru hakuuliza lava ya 1977 ilipita wapi. Aliuliza bei ya parsele. Kisha 2002, kukawa maneno ya kuhamisha muji. Wakati maneno yakiendelea, watu walikuwa wanaponda mawe, wanasawanisha, na kusimamisha nyumba za mbao juu ya lava ile ile.

Tarehe 27 Mei 2021 gavana wa kijeshi aliamuru watu wa kartie 10 za Goma wahame, na malaki wakatoka siku ile ile. Watu wanatii amri, kumbe, wakiona hatari kwa macho. Kukataza kujenga ni kazi ngumu zaidi, maana inaomba mukubwa anayedumu. Mwaka 2002 tulikuwa chini ya RCD, 2021 chini ya wanajeshi wa Serikali, na tangu mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 njo wanatawala. Kila utawala unakuja na kashe yake.

4. Mufano wa Dar es Salaam

Kwa wenzetu wa Tanzania, Bonde la Msimbazi linajaa maji kila mvua kubwa. Kisha mafuriko ya Desemba 2011, Serikali ilipeleka watu Mabwepande, mbali na kazi zao. Mwisho wa 2015 mashini zilikuja kubomoa nyumba bondeni, maana watu walikuwa bado mule. Tunaona kama hata Serikali yenye nguvu haiwezi kuhamisha mutu na kuacha chakula chake nyuma.

5. Tunayopendekeza

Hatuwezi kuomba Munigi yote ihame. Tunaomba mambo matatu. La kwanza, karatasi yote ya kuuzisha parsele iandikwe kama lava ya 1977, 2002 ao 2021 ilipita pale, na shefu aitie sahihi mbele ya mashahidi. La pili, pale mupasuko wa 2002 ulifunguka pasijengwe masomo, hospitali wala kanisa. La tatu, wazee walioona 1977 watembeze vijana na kuwaonesha njia zile kwa mukono, kila mwaka tarehe 17 Januari. Wazee wale wanapunguka, na nyumba zimekwisha kufunika alama nyingi. Kazi hii haingoje amri ya Kinshasa. Mashefu wetu wanaweza kuianza.